Presenta bora wa gemu shoo za watoto ni yupi, na mbovu utamjuaje?

Swali limetoka kwa dada mmoja ambaye anabishana na mdogo wake nyumbani. Mdogo anasema presenta bora wa gemu shoo za watoto ni yule mwenye kelele na vituko muda wote, dada anasema hapana, mtulivu ndo bora, sasa wanataka mtu wa kuwaamua na wanataka majina kabisa, yaani nani alikuwa mkali, nani alikuwa mbovu, na hawa wa siku hizi wakoje.

Dada yangu, samahani, wote wawili mmekosa. Kelele au utulivu ni tabia tu ya mtu, kuna wapiga kelele wazuri mno na kuna watulivu wanaolaza studio nzima. Mi hivi vipindi navifuatilia miaka mingi kwasababu ya kazi, hasa vya Marekani na Uingereza maana huko ndo vimetengenezwa vingi, na kipimo changu kimebaki kimoja tu: usimwangalie presenta mtoto anaposhinda, mwangalie zile sekunde tatu baada ya mtoto kukosea. Mtoto akishinda kila mtu anaonekana presenta hodari, muziki unapigwa, karatasi za rangi zinamwagika, kazi imejifanya yenyewe. Ila mtoto wa miaka kumi akikosa swali jepesi mbele ya kamera, shingo ikaanguka, masikio yakawaka, wazazi wako pale kwenye viti wanatazama, hapo hakuna muziki wa kukuokoa, ni wewe na yeye.

Tuanze na Marc Summers, presenta wa Double Dare, maana bila yeye mjadala hauendi. Double Dare ilianza Oktoba 1986 kwenye Nickelodeon, chaneli ya watoto ya Marekani, ikirekodiwa Philadelphia kabla ya kuhamia Orlando. Utaratibu wake ulikuwa wa kijanja: ukiulizwa swali hujui, unawatupia wapinzani na hela inapanda mara mbili, wao wasipojua wanakurudishia inapanda tena, na ikishakurudia ni ama ujibu ama ukubali shughuli ya vitendo, yaani mayai, krimu, mabomba ya maji, uchafu wa kila aina. Kwahiyo kutojua jibu haikuwa aibu, ilikuwa mbinu, na kuna timu zilikuwa zinajifanya hazijui makusudi ili zichafuke. Sasa Summers kabla ya hapo alikuwa mwanamazingaombwe na mchekeshaji wa jukwaani, na ukimwangalia utaona anajua kitu ambacho wachekeshaji wengi wakikutana na watoto wanakisahau: utani unaupeleka kwenye hali, huupeleki kwa mtoto. Mtoto akimwaga ndoo nzima nje ya beseni, Summers anaicheka ndoo. Anaweza kumcheka msaidizi, akajicheka na yeye mwenyewe alivyoloa na koti lake, lakini yule mtoto anabaki kuwa shujaa aliyekumbana na ndoo mbaya.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hulisikia wakabaki midomo wazi. Huyu mtu ana OCD, ule ugonjwa wa akili unaomfanya mtu atawaliwe na mawazo asiyoyataka na kulazimika kurudiarudia vitu, kwake yeye ulikuwa upande wa usafi na mpangilio. Alikuja kulisema hadharani miaka ya 1990, na mwaka 1999 akatoa kitabu kuhusu maisha na huo ugonjwa. Sasa rudi kacheki klipu za zamani, mtoto amelowa krimu kichwa mpaka kiatu anamkimbilia amkumbatie, utafute ile sura ya kurudi nyuma. Mi sijaiona. Kwangu hiyo inamweka juu ya wengine wote, na ukitaka jina moja tu la kumpelekea mdogo wako, peleka hilo.

Nickelodeon ya wakati ule ilikuwa na bahati na watu wa aina hii. Mike O'Malley wa GUTS, kipindi cha mashindano ya michezo, 1992 mpaka 1995, alikuwa na kelele zote ambazo mdogo wako anazipenda, anaita majina ya watoto kama anatangaza fainali ya dunia, na pembeni yake refa Moira Quirk, Mo, mwenye lafudhi ya Kiingereza, akisoma sheria na alama. Watoto watatu wanaishia kupanda ule mlima wa Aggro Crag, taa zinawaka, vitu vinawadondokea, na wawili lazima washindwe. O'Malley alikuwa anamtangaza wa tatu kwa uzito uleule wa wa kwanza, sauti haishuki hata kidogo. Inaonekana ndogo ila fanya majaribio, watangazaji wengi wakifika kwa wa tatu sauti inakuwa ya mtu anayesoma matangazo ya vifo. Baadaye O'Malley aliingia kwenye uigizaji akaigiza baba kwenye tamthilia ya Glee mpaka akateuliwa kuwania Emmy, tuzo kubwa ya televisheni Marekani, mwaka 2010, wala sikushangaa.

Summer Sanders naye usimsahau. Yeye alitoka kwenye kuogelea, medali nne Olimpiki ya Barcelona 1992, mbili za dhahabu, af akaja kuendesha Figure It Out kuanzia 1997. Kule mtoto anakuja na kipaji au jambo la ajabu alilowahi kulifanya na jopo la watu wanne maarufu linabahatisha ni kitu gani. Ona kiti kilivyogeuzwa, mtoto ndo mwenye siri, watu wazima ndo hawajui na ndo wanaomwagiwa ule uji wa kijani. Sanders alikuwa anauliza swali halafu anakaa kimya anasikiliza jibu, hakuwa na haraka ya kuingiza utani wake, nadhani mtu aliyesimama jukwaani na medali shingoni hana njaa ya kuonekana tena.

Sasa Kirk Fogg wa Legends of the Hidden Temple, hapa naomba nikae kidogo kwasababu ndo presenta aliyepewa mtihani mgumu kuliko wote. Kipindi kilienda 1993 hadi 1995. Timu sita zinaanza, Nyani wa Kijani, Kasuku wa Zambarau na wenzao, zinachujwa mpaka ibaki moja, hiyo ndo inaingia hekaluni na ina dakika tatu kupita vyumba, kuchukua kile kitu kilichofichwa na kutoka nacho, na mle ndani kuna walinzi watatu waliojificha wanaomrukia mtoto gizani. Kulikuwa na chumba cha nyani wa fedha, sanamu la vipande vitatu tu, chini, katikati, kichwa. Vitatu! Na watoto walikuwa wanashindwa kukipanga, kipande kinageuzwa, kinaanguka, kinawekwa kichwa chini, saa inakimbia, nchi nzima iko kwenye makochi inapiga kelele kwenye tivii. Timu nyingi zilitoka patupu.

Yaani Fogg kazi yake ilikuwa kusimamia watoto wakishindwa, kipindi baada ya kipindi. Alichokifanya, kwanza alitangaza mbio zote kwa hamasa ya kweli mpaka sekunde ya mwisho, hakuwahi kukata tamaa kabla ya mtoto mwenyewe. Pili, na hili ni la waandaaji kumsaidia, zawadi ziligawanywa: kufika hekaluni tu ni zawadi, kukishika kile kitu ni zawadi nyingine, kutoka nacho ndo ile kubwa. Kwahiyo muda ukiisha alikuwa na kitu cha kweli cha kumwambia mtoto, ulifika hapa, hiki ni chako. Hakuwa na haja ya kudanganya. Lawama yangu moja kwake ni kwamba akishika moto anapiga kelele kwenye chumba kilekile mpaka mtoto anazidi kupaniki, ila nani angenyamaza pale. Na lile jiwe kubwa linaloongea, Olmec, lililotiwa sauti na Dee Bradley Baker, lilimpunguzia mzigo kwa sababu ndo lilisimulia hadithi na kuuliza maswali, Fogg akabaki kuwa mtu wa upande wa watoto.

Kuna mtu atauliza kwanini presenta asimnong'oneze tu mtoto jibu yaishe. Hawezi. Baada ya kashfa za vipindi vya maswali Marekani miaka ya 1950, ambapo washindani walikuwa wanapewa majibu kabla, sheria ya mwaka 1960 ilifanya kosa la jinai kumpa mshindani msaada wa siri kwenye shindano la maarifa au ujuzi linalorushwa hewani, na sheria haikusema isipokuwa mtoto. Ndo maana nasema zile sekunde tatu ni ufundi, unatakiwa umshike mtoto mkono bila kumpa jibu, hata jicho tu linaweza kuwa tatizo. Cha kuchekesha ni kwamba Jack Barry, yuleyule aliyekuwa presenta wa Twenty-One iliyoaibika kwenye hizo kashfa, alikuwa mzuri sana na watoto, tangu Juvenile Jury ya miaka ya 1940 ambako alikuwa anawauliza watoto ushauri na kusikiliza kweli, na alikuja kurudi 1979 na Joker! Joker! Joker! ya watoto. Mtu mmoja, sura mbili, mi mwenyewe sijui nimuweke wapi.

Kabla sijahamia Uingereza, kuna Greg Lee wa Where in the World Is Carmen Sandiego? ya PBS, televisheni ya umma ya Marekani, 1991 hadi 1995, kipindi cha jiografia kilichotokana na wasiwasi kwamba Wamarekani hawaijui ramani. Lee alikuwa mchangamfu, ila siri ya kile kipindi alikuwa Lynne Thigpen, Chifu, mwanamama mwenye sauti nzito ya mamlaka ambaye mtoto alimchukulia kama bosi wa kweli wa upelelezi. Raundi ya mwisho mtoto anakimbia juu ya ramani kubwa sakafuni akisimika alama kwenye nchi anazotajiwa, na ile iliyoogopwa kuliko zote ilikuwa ramani ya Afrika, mtoto anasikia jina la nchi anaganda katikati ya Sahara. Lee pale alikuwa hatanii, anataja inayofuata harakaharaka ili mtoto asipate muda wa kuona aibu. Hiyo ni mbinu, mwendo nao unafariji. Na mwishoni mwa kipindi walikuwa wanatamka kwamba taarifa za jiografia zilikuwa sahihi hadi siku ya kurekodi, maana miaka ile Umoja wa Kisovieti ulikuwa unameguka na ramani zinabadilika huku kipindi kinasubiri kurushwa.

Haya, Uingereza. Dada, hapa ndo pa kwako maana mtulivu wako yupo, anaitwa Bob Holness. Blockbusters ya ITV, 1983 mpaka 1993, ilikuwa ya vijana wa miaka kama 16 hadi 18, ubao wa herufi, mmoja anashindana na wawili. Holness alikuwa na umri wa babu yao, suti, sauti laini, alizaliwa Afrika Kusini na miaka ya 1950 aliwahi kuigiza James Bond kwenye redio ya huko, ndio, Bob Holness alikuwa Bond. Vijana wakaanza ule utani wa kumuomba herufi P, ambayo kwa Kiingereza inasikika kama wanaomba kukojoa. Presenta mbovu angekunja sura, na mbovu zaidi angeung'ang'ania utani mpaka ufe. Holness alikuwa anatabasamu kidogo kama anausikia mara ya kwanza, af anasoma swali. Miaka kumi hivyo hivyo! Kijana akikosa anasema jibu sahihi kwa upole, anahamia upande wa pili, basi. Heshima kwa kijana ni kutomfanyia tamasha la huruma.

Kinyume chake ni Dave Benson Phillips wa Get Your Own Back, BBC, 1991 hadi 2004. Mtoto anamleta mtu mzima aliyemkosea, mwalimu, mjomba, baba, wanashindana na mwisho mtu mzima anaporomoshwa kwenye dimbwi la uji mzito. Phillips alikuwa upande wa mtoto waziwazi bila hata kujificha, na ndo raha yake, kipindi chenyewe kilikuwa mahakama ya watoto na jaji amehongwa tayari.

Hugo Myatt wa Knightmare, 1987 hadi 1994, huyu hakuwa presenta wa kawaida, aliigiza Treguard, bwana wa ngome, na mtoto mmoja anaingia kwenye handaki akiwa amevaa helmeti inayomziba macho, wenzake watatu wanamwongoza kwa maneno tu, kushoto, mbele, simama. Miaka nane, timu nane tu ndo zilizoshinda. Treguard hakuwapooza. Mtoto akidondoka shimoni alikuwa anasikitika kwa namna ya kutisha kidogo, na watoto walimpenda kwa hilo, kwasababu kushindwa kulikuwa ni kifo ndani ya hadithi, siyo wewe Petro wa darasa la sita uliyefeli. Utofauti ni mkubwa. Crackerjack ya BBC iliyoanza 1955 chini ya Eamonn Andrews ilifanya kitu cha jamii hiyo kwa njia nyepesi, kwenye ule mchezo wa kubebeshwa zawadi ukikosea unapewa kabichi uibebe, kwahiyo kosa linageuka mzigo wa kuchekesha mikononi, na penseli ya kipindi unaondoka nayo.

Mike Reid wa Runaround sijui hata nimwelezeje. Mchekeshaji wa vilabuni, sauti ya kukwaruza, anawafokea watoto kama kondakta wa basi. Ukimsikia kwa maelezo tu, huyo ndo presenta mbovu kuliko wote. Lakini watoto walicheka mno, kwasababu aliwafokea wote sawa na hakuna aliyebaguliwa wala kunyanyapaliwa kwa jibu lake. Watoto wanajua tofauti ya ukali na dharau, wanaijua kuliko sisi.

Sasa wabovu. Nitataja wachache maana ubovu mara nyingi ni wa aina, siyo wa mtu. Aina ninayoichukia kuliko zote ni yule anayemtumia mtoto kuwachekesha watu wazima wanaotazama. Mtoto anasema anataka kuwa rubani, presenta anageukia kamera anakonyeza, watu wanacheka, mtoto hajui kinachochekwa. Inafuata aina ya asiyesikiliza: unaitwa nani? safi! unapenda nini? safi sana! Mtoto angeweza kusema nyumba yetu imeungua jana angeambiwa safi sana. Na kuna wale wa leo nyote ni washindi, huku mwenzake anakabidhiwa baiskeli pale pale, mtoto si mjinga, baiskeli anaiona.

Kwa majina, David Sidoni wa Wheel 2000, lile toleo la watoto la Wheel of Fortune la 1997, kwangu alikuwa mfano wa nguvu bila kazi. Anaruka, anapiga kelele, nishati iko palepale juu mtoto akipatia au akikosea, kwahiyo haina maana yoyote. Huyo mpelekee mdogo wako amtazame. Finders Keepers ya Nickelodeon ilianza na Wesley Eure ambaye alikuwa na joto, akaja Larry Toffler, na mi Toffler naona alikuwa anakimbizana na ratiba zaidi ya kukaa na watoto. Pat Sharp wa Fun House ya Uingereza, 1989 hadi 1999, siyo mbovu, ila angalia vizuri nani yuko pembeni ya mtoto akikwama: ni wale mapacha Melanie na Martina Grant, kila mmoja na timu yake. Sharp yeye alikuwa na nywele tu.

Na J.D. Roth ndo anayenifanya nisihukumu mtu mapema. Alianza Fun House ya Marekani 1988 akiwa na miaka 20 tu, kelele tupu, kijana anashindana na watoto nani amechangamka zaidi. Mwaka 2002 akaja na Endurance, vijana kisiwani, wanatolewa wawili wawili, na Roth yuleyule anaongea polepole, anaacha kimya kifanye kazi, kijana akilia hamrukii na maneno. Hakubadili kipaji, alibadili anachokitazama.

Kosa baya zaidi lakini huwa si la presenta peke yake. Blue Peter, kipindi cha watoto cha BBC, Novemba 2006, simu zilikwama kwenye shindano la watazamaji na mtoto aliyekuwa ametembelea studio akaombwa ajifanye ndo mshindi aliyepiga. Ilipokuja kujulikana 2007, presenta wake Konnie Huq akaomba radhi hewani kwa jambo ambalo uamuzi haukuwa wake, na BBC ikatozwa faini ya pauni 50,000. Presenta awe mzuri vipi, nyuma yake kukiwa na uongo yeye ndo sura ya uongo.

Wa siku hizi uliowauliza: Double Dare iliporudi 2018 walimpa Liza Koshy, binti aliyetoka YouTube, na watu wazima wakalalamika sana. Mi nadhani walimuonea. Ana kasi, anajicheka mwenyewe kwanza, na mtoto akiteleza anamwendea alipo badala ya kumwita aje kwenye kamera. Udhaifu wake ni kujaza kila sekunde na neno, ile tabia ya video fupi, mtoto anakosa nafasi ya kupumua. Waandaaji wakamrudisha Summers awe mtangazaji msaidizi pembeni, na kuna mahali Koshy anaongea, Summers ananyamaza, anamtazama tu mtoto. Tafuteni hizo klipu mkae wawili, mzime sauti, muangalie macho ya nani yako wapi, halafu mnaweza kuendelea na ugomvi wenu.